Kitufe Chekundu Bado Hakijazinduliwa

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Magazeti ya Jamhuri ya Makofi yaliandika kwamba ni siku hiyo hiyo, na saa hiyo hiyo, ndipo mambo yalipotengenea. Na kwa kuwa magazeti yana picha na Chande Mpululu hana picha, tuanze kwa kuyaheshimu magazeti.

Picha inamwonyesha Mheshimiwa Profesa Daktari Kipapasa, Waziri wa Uzinduzi na Mambo ya Kidijitali, ameshika mkasi wa rangi ya dhahabu. Mbele yake kuna utepe. Nyuma ya utepe kuna sanduku jeupe, refu kuliko mtu, lenye kioo usoni na taa za buluu zinazopepesa. Sanduku hilo ndilo Daktari Wingu, akili bandia ya taifa, ambayo kwa maneno ya Waziri ingetibu wananchi wote bila kula, bila kuchoka na bila kudai posho. Hapo kwenye bila kula Mheshimiwa aliteleza kidogo. Ndani ya sanduku, juu ya kreti ya soda, alikaa Chande Mpululu, na alikuwa anatafuna muhogo.

Msomaji ambaye hajafika Makofi atashangaa. Asishangae. Nchi ile ina utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ni mwepesi hata kwa mtu aliyeishia darasa la nne: kitu kikishazinduliwa, kimekamilika. Na ambacho hakijazinduliwa hakiruhusiwi kutumika, hata kama kipo mbele ya macho yako kinang'aa. Serikali ilikuwa na boza moja la maji. Boza linafika kijijini asubuhi, linajaza tangi, Waziri anafungua bomba, ananawa mikono, anapigiwa makofi, kisha boza linayanyonya maji yaliyobaki na kuyapeleka kijiji cha pili. Maji yale yale yalizinduliwa katika vijiji kumi na moja, na vijiji vyote kumi na moja vikaandikwa kuwa vina maji. Upande mwingine, shule ya Ng'ongolo ilijengewa vyoo vizuri vyenye milango na vitasa, na watoto wakaendelea kwenda vichakani miaka miwili, wakisubiri Mkuu wa Mkoa apate nafasi.

Wizara ya Mheshimiwa Kipapasa ilikuwa na Idara ya Utepe, Idara ya Mahema, Idara ya Fulana na Kofia, na Idara ya Kwaya. Idara ya Utekelezaji ilikuwepo pia, wasije wakasema tunawasingizia. Ilikuwa chini kabisa, karibu na stoo ya mafagio, mlango una kufuli na karatasi iliyoandikwa: Afisa yuko nje kikazi. Chande alikuwa mlinzi wa jengo lile kwa miaka kumi na minne. Afisa huyo Chande hajawahi kumfungulia geti, wala la kuingia wala la kutoka.

*

Ilikuwaje mlinzi akawa daktari? Ilikuwa hivi.

Wataalamu walioletwa kutengeneza Daktari Wingu waliomba miaka miwili. Walitaka kwanza waifundishe mashine kwa kumbukumbu za wagonjwa wa kweli, halafu waijaribu katika zahanati tatu, muuguzi akiwa amekaa pembeni anaiangalia kama mama anavyomwangalia mtoto anayejifunza kutembea. Waziri aliwasikiliza kwa adabu, akawaambia kwamba mahema yameshakodiwa. Wataalamu wakasema mashine isiyojaribiwa itaumiza watu. Waziri akawajibu kwamba kwaya imeshakariri wimbo. Basi wakafunga mabegi yao wakaondoka, wakaacha sanduku, kioo na taa.

Jumamosi, siku tatu kabla ya sherehe, Mkurugenzi wa Akili Bandia akashuka getini kwa miguu. Alikuwa binti msomi, Fadhila Ng'wando, ambaye magari yake mawili hayakuwahi kumruhusu ajue geti lina rangi gani. Alimwamkia Chande shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akauliza kama mzee anajua kusoma. Chande akasema anasoma, polepole, hasa magazeti yaliyofungiwa maandazi.

"Na siri je, mzee? Unaweza kutunza?"

Chande akamwambia amekaa pale getini miaka kumi na minne, anajua nani ameingia na nini na ametoka na nini, je, kuna siku bosi amesikia neno? Fadhila alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akamwajiri papo hapo.

Chande hakukubali kwa ajili ya cheo. Huko Ng'ongolo, mwendo wa siku nzima kwa basi, alikuwa na mke, Sikudhani, mgonjwa wa sukari, ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa na kidonda cha kupona na kurudi, kupona na kurudi. Kidonda kile kilikuwa mikononi mwa Sista Leokadia, muuguzi wa zahanati, mwanamke mkali asiyetabasamu, aliyekisafisha kila Ijumaa kwa miaka sita. Chande aliuliza swali moja tu: je, zahanati ya Ng'ongolo itapata kioo cha kumwandikia Daktari Wingu? Fadhila akasema itakuwa miongoni mwa za kwanza. Akaongeza kwamba ubongo wenyewe wa mashine uko bandarini, ni kugonga muhuri tu, na kazi ya mzee ndani ya sanduku ni ya wiki moja.

Chande akamshukuru Mungu. Alijiona akimpelekea mkewe daktari bingwa hadi mlangoni.

Asubuhi ya Jumanne Fadhila alimpitisha mlango wa nyuma, akamwonyesha skrini ndogo ya kusomea na vitufe vitatu. Cha kijani kilimjibu mgonjwa: Usiwe na wasiwasi, kunywa maji ya kutosha, pumzika. Cha njano kilijibu: Tatizo lako limepokelewa na linashughulikiwa. Cha tatu kilikuwa chekundu, nacho kilitakiwa kusema: Nenda hospitali ya rufaa sasa hivi, gari linakuja. Juu ya chekundu palikuwa pamebandikwa utepe wa gundi.

Chande akauliza kwa nini kimebandikwa.

"Hicho hakijazinduliwa," Fadhila akasema. "Kina sherehe yake."

*

Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa saba. Bandarini muhuri ulikuwa haujapatikana. Maswali yalikuja kwa mamia, na Chande, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa mzaha kazini, aliyasoma yote kwa kidole, neno kwa neno. Mwenye kuumwa jino, kijani. Mwenye mtoto anayeharisha, kijani, na moyoni anamwombea. Aliyeuliza kama serikali inamwona, njano. Bungeni, Waziri alisoma takwimu: wagonjwa elfu kumi na mbili wamehudumiwa, waliopelekwa rufaa sifuri. Wabunge walisimama. Ugonjwa ulikuwa umeshindwa.

Mshahara wa Chande ulikuwa wa heshima pia. Alilipwa kwa Johari, sarafu mpya ya kidijitali ya Jamhuri, isiyoshikika, isiyoibiwa, isiyokunjika. Johari ilikuwa imezinduliwa mwezi Mei kwa fataki. Wenyeviti wa vijiji waliagizwa kila kaya ibadili kitu ilichonacho kuwa Johari, ili taifa lisibaki nyuma. Sikudhani aliuza mbuzi wake watatu, na kwenye simu yake ikaonekana picha ya kito kinachozunguka na namba inayopanda kila asubuhi. Watu wa Ng'ongolo wakatajirika kwa wiki moja kuliko babu zao wote. Kasoro ilikuwa ndogo: mlango wa kuingilia kwenye Johari ulikuwa umejengwa, wa kutokea ulikuwa awamu ya pili. Ukishaingiza mbuzi, mbuzi harudi. Muuza sukari haichukui, dereva haichukui, hata aliyeizindua alilipwa kwa noti. Wataalamu wa sarafu nao walikuwa wameomba muda wa kuujenga mlango wa pili kabla ya kufungua wa kwanza. Nao pia waliambiwa kuhusu mahema.

Katika wiki hizo kulitokea jambo ambalo Chande hakulitia maanani wakati ule. Fadhila aliacha kumwamkia. Siku za mwanzo alikuwa akifungua mlango wa nyuma, anasema shikamoo mzee, anamwachia chupa ya chai. Baadaye akawa anafungua, anatazama kama taa zinawaka, anafunga. Chande alimtetea mwenyewe moyoni mwake: binti ana kazi nyingi, na nani anaamkia mashine?

Siku kioo kilipowekwa Ng'ongolo, Chande alimngoja mlangoni akamwuliza waziwazi. Sasa watu wa kwetu atawajibu nani, bosi? Mimi?

Fadhila akasema la, hasha. Nchi imegawanywa. Kanda ya mashariki, ambako Ng'ongolo imo, inahudumiwa na ubongo wenyewe, ule halisi, umefika, unafanya kazi mahali pa siri. Yeye Chande anahudumia magharibi tu.

Jumapili, siku pekee aliyoruhusiwa simu, Chande akampigia mkewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeleta zawadi. Sikudhani alikuwa na malalamiko. Sista Leokadia kaondolewa. Gari la wizara limekuja na kioo, likashusha kioo, likampakia Sista, eti nafasi yake imehamia ndani ya sanduku. Kahamishiwa mjini. Chumba cha kufungia vidonda kimetiwa kufuli, ufunguo umekwenda naye.

"Mwache aende," Chande akamwambia. "Huyo mliyeletewa ni mkubwa kuliko Sista. Msikilize yeye, mama. Hakosei."

"Wewe unamjua?"

"Niko naye kazini," akasema, na hakusema uongo, na hakusema kweli.

Jumapili iliyofuata Sikudhani akamwambia kwamba amemuuliza Daktari Wingu, na amejibiwa asiwe na wasiwasi, anywe maji, apumzike. Chande alicheka kwenye simu. Aliuona huo ubongo halisi kuwa ni mtu wa kwao, maana hata maneno yanafanana.

*

Katika wiki ya sita alikuja mgonjwa namba mia nne kumi na saba.

Daktari Wingu hakuonyesha majina wala vijiji, namba tu. Faragha ya mgonjwa ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya mradi iliyokaguliwa na wafadhili, kwa hiyo ndiyo sehemu pekee iliyofanyiwa kazi sawasawa. Mia nne kumi na saba aliandika kwamba ana sukari, ana kidonda chini ya dole gumba la mguu, kimeanza kutoa harufu, afanyeje. Chande alisoma mara mbili, akabonyeza kijani. Alifanya kama alivyofanya kwa wengine, lakini alikikumbuka kile kidonda cha Sikudhani. Akasema moyoni: maskini, huyu naye yuko kanda ya magharibi.

Baada ya siku tatu yule yule akarudi. Maji nimekunywa, aliandika. Dole limekuwa jeusi. Aliyekuwa akinisafisha hayupo.

Chande alibonyeza njano ili kupata muda, kisha akatoka nje ya sanduku mchana kweupe, jambo lililokatazwa, akapanda ngazi hadi ofisi ya Fadhila. Alimweleza kuhusu dole jeusi. Alimwambia ugonjwa huo anaujua, anao nyumbani, dole likiwa jeusi hakuna tena cha kunywa maji. Aliomba afunguliwe kitufe chekundu, mara moja tu, kwa mtu mmoja tu.

Fadhila hakumkaripia. Alifungua shajara kubwa ya Waziri akamwonyesha: Jumatatu uzinduzi wa nembo ya Johari, Jumanne uzinduzi wa fremu ya nembo, Jumatano mapumziko baada ya uzinduzi, Alhamisi ya wiki ya pili saa tano, Kitufe Chekundu. Utepe umeshaagizwa, wa rangi ya kulingana.

"Basi niambie huyu mtu ni nani," Chande akasema. "Nitampigia mwenyewe."

"Mzee, ni faragha ya mgonjwa. Hata mimi sioni."

"Atakufa, mwanangu."

"Alhamisi si mbali," Fadhila akasema, na akaitazama ile shajara kama mtu anayetaka isomeke vingine.

Siku mbili zikapita. Ijumaa asubuhi mia nne kumi na saba akaandika kwa mara ya tatu. Homa imepanda. Nauli ninayo kwenye simu lakini dereva ameikataa. Daktari, upo?

Chande Mpululu, mtu aliyetii kila amri tangu alipopewa kirungu na kofia, akang'oa utepe wa gundi kwa meno. Akabonyeza kitufe chekundu. Akabonyeza tena kwa nguvu, akakigonga kwa ngumi. Skrini ilibaki vile vile. Akazungusha kibao cha vitufe, akachungulia nyuma. Waya mbili zilitoka kwenye kitufe, nyekundu na nyeusi, zikashuka kama inchi moja hivi, zikafungwa fundo. Hazikwenda popote.

Swali likikaa dakika tano bila jibu, taa za sanduku hugeuka nyekundu, na siku hiyo katika ukumbi wa wizara liliposimama kulikuwa na mabalozi. Zilipobaki sekunde chache, Chande alibonyeza njano. Tatizo lako limepokelewa na linashughulikiwa.

Mia nne kumi na saba hakuandika tena.

*

Simu ya msiba ilikuja Jumapili, yeye alipokuwa anajiandaa kupiga. Alikuwa shemeji yake, Likwata, ndugu wa Sikudhani, na hakuzunguka. Dada ameondoka jana asubuhi, shemeji, njoo tuzike.

Chande alifika Ng'ongolo Jumatatu mchana, wakazika kabla ya alasiri. Watu walimpa pole kwa adabu ya namna mbili, maana wengi walijua kwamba anafanya kazi na Daktari Wingu, na walitaka kujua kulikoni. Naye alijiuliza hilo hilo. Alikuwa na hasira na ule ubongo halisi. Alitaka aujue ulipo, auulize ulikuwa unasomea nini.

Jirani yao Somoe, mwanamke aliyesoma hadi la saba, ndiye aliyekuwa akimwandikia Sikudhani kwenye kioo cha zahanati. Alimvuta Chande nyuma ya nyumba, akampa khanga ya marehemu. Kwenye pindo palikuwa na fundo. Ndani ya fundo kulikuwa na kadi ngumu ya Daktari Wingu, ina picha ya Waziri upande mmoja, na upande wa pili namba.

Chande alisoma kwa kidole, kama alivyozoea. Nne. Moja. Saba.

Alikaa chini kwenye mchanga. Somoe alidhani ni uchungu wa kawaida, akaendelea kumsimulia ili kumfariji, kwamba Sikudhani hakukata tamaa, kwamba kila walipokwenda alikuwa akisema mume wangu yuko na huyu, hawezi kututupa.

"Siku ya mwisho mliandika nini?" Chande akauliza.

"Alitaka niulize kama yupo," Somoe akasema. "Nikamwandikia hivyo. Daktari, upo."

Chande aliirudisha kadi kwenye pindo la khanga, akafunga fundo.

Sista Leokadia alikuja siku ya pili kwa basi, bado amevaa gauni jeupe, lakini begani ameshonewa nembo ya Idara ya Utepe. Wizara ilikuwa imegundua kwamba wauguzi wana mikono safi na sare zinazopendeza kwenye picha, kwa hiyo wote walioondolewa zahanati walipewa kazi ya kubeba mto wenye mkasi. Yeye alikuwa ameshabeba mkasi mara thelathini na nane. Alisimama kaburini muda mfupi, halafu akamgeukia Chande.

"Siku ya kwanza tu ningempeleka rufaa, baba," akasema. "Gari la misheni lipo, dereva namjua, haulizi pesa. Harufu ile haihitaji mashine. Inahitaji mtu mwenye pua."

*

Aliporudi mjini, Chande hakwenda kwenye sanduku. Alipanda ngazi moja kwa moja. Fadhila alikuwa peke yake, na alipomwona alisimama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasema shikamoo. Chande hakuitikia.

"Uliniambia mashariki kuna ubongo," akasema.

Fadhila alianza kusema kwamba mashariki ilizinduliwa, kwamba kwenye karatasi ipo, kwamba hata Waziri ana cheti chake. Halafu akaacha. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Nilijua hakuna, baba. Nilitaka ufanye kazi na moyo uliotulia."

Hilo ndilo Chande alilolibeba akashuka nalo ngazi, zito kuliko khanga na kadi. Angetukanwa angeelewa. Angefukuzwa angeelewa. Lakini alidanganywa kwa upole, akapewa na chai.

Aliketi getini, mahali pake pa zamani, na kila aliyepita alimweleza. Mtu aliyenyamaza miaka kumi na minne akianza kusema, geti zima linasimama. Aliwaeleza juu ya kreti ya soda, vitufe, fundo la waya. Waandishi wakaja. Wiki haikuisha Waziri akatangaza Tume ya Uchunguzi, na kwa kuwa tume ambayo haijazinduliwa haiwezi kuchunguza, ikazinduliwa, mahema yale yale, kwaya ile ile, na mto wenye mkasi ukabebwa na Sista Leokadia.

Mheshimiwa Kipapasa alitoa ushahidi wa saa mbili na nusu. Alieleza kwamba dunia nzima inakwenda kwenye akili bandia na sarafu za kidijitali, na Makofi haiwezi kukaa kando inafuga mbuzi. Alieleza kwamba wazo la Daktari Wingu lilikuwa kamilifu, wazo la Johari lilikuwa kamilifu, na kwamba mataifa matatu yameomba nakala ya wazo hilo.

"Kilichotuangusha ni utekelezaji," akasema, akavua miwani. "Na utekelezaji, ndugu zangu, haujawahi kuwa sera ya serikali hii."

Ukumbi ulipiga makofi. Chande, aliyekaa nyuma, alitazama kulia na kushoto kuona kama kuna mtu aliyesikia kilichosemwa.

Ilipofika zamu yake, kukatokea tatizo la kiutaratibu. Katibu wa Tume alipekua orodha ya watumishi wa mradi, jina la Chande Mpululu halimo. Likatafutwa kwa wenye mikataba, halimo. Hatimaye akapatikana katika orodha ya vipuri, ukurasa wa nne: Kifaa namba tisa, kitoa majibu, kimoja, hali yake kimetumika. Wanasheria wawili wakabishana hadi saa saba kama kifaa kinaweza kuapa. Mwenyekiti, jaji mstaafu mwenye usingizi wa karibu, akaamua kwamba kifaa hakiapi, lakini kinaweza kuwashwa kwa muda mfupi ili kionekane kama kina hitilafu.

Wakamwasha. Yaani, wakampa kipaza sauti.

Chande alisema polepole, kama anavyosoma. Alisema kidole kilichobonyeza ni chake, hilo halikatai, ataondoka nalo duniani, na hakuna tume itakayomtoa kidole hicho. Alisema yeye ni mtu wa darasa la nne na hajui akili bandia inatengenezwa vipi, wala sarafu isiyoshikika inakaa wapi, na labda ni vitu vizuri vikitengenezwa na watu wanaongoja viive. Hana ugomvi na mashine, maana hajawahi kuiona. Alisema ana ugomvi na waliosimama mbele ya sanduku siku ile ya Jumanne ya uzinduzi, wote, wanajua.

Mwenyekiti akamkumbusha kwamba muda wa majaribio unakwisha. Katibu akasema rasimu ya ripoti imeshaandikwa na ukurasa wa mapendekezo uko tayari: Kifaa namba tisa kibadilishwe.

"Basi nibadilisheni," Chande akasema. "Mimi nina swali moja, na silipeleki kwenye sanduku, nalileta kwenu mnaokaa mezani."

Mheshimiwa Kipapasa alikuwa anakunywa maji. Fadhila alikuwa anatazama sakafu. Sista Leokadia, aliyekuwa bado ameushika mto, aliuweka chini.

"Kama mlijua kwamba ndani ya lile sanduku hamna mashine," Chande Mpululu akauliza, "Sista mlimwondoa Ng'ongolo ili iweje?"